Chairman Amerudi na Miguu Yote Miwili

Benchi hii iliyo hapa Isebania, pale malori yanapopanga foleni kungojea kuvuka kwenda Sirare, ni yangu. Niseme mapema, maana kuna watu wameikalia mpaka wanadhani waliirithi kwa baba zao. Niliipigilia misumari mimi mwenyewe, Levi fundi viatu, ili mteja akae, avue kiatu, nishone, avae, aende zake. Lakini mteja wa kweli akija hukuta hakuna nafasi. Amekaa Werema, tunayemwita Foreksi kwa sababu anabadilisha pesa za Kenya na za Tanzania, mtu ambaye sijawahi kumwona amekaa kimya. Amekaa Osoro, muuza mabati na misumari, Msabato wa kweli kweli. Kahawa hanywi kwa sababu ya imani, ila kijiwe cha kahawa hawezi kukikosa, kwa hivyo hupewa maji ya moto na kipande cha limau, nasi tukamwita Maji Moto. Mwenye birika ni Jerusha. Yeye hukaa kwa kigoda chake kando ya jiko, anamimina, anapokea kikombe, anaosha, anamimina tena. Na ile nafasi ya mwisho, karibu na kibanda changu, ni ya Bogonko, ambaye tunamwita Chairman ingawa hakuna anayejua ni mwenyekiti wa nini. Kwa muda mrefu nafasi hiyo ilikuwa tupu, na hakuna aliyetaka kuikalia.

Chairman ni mtu wa miguu. Madereva wa malori wakifika mpakani huwa wamechoka na hawajui dirisha gani linafuata lipi. Yeye huchukua makaratasi yao, anatembea nayo dirisha kwa dirisha, upande huu na upande wa Sirare, anarudi na mihuri. Siku nzima ni kwenda na kurudi. Kwa hivyo mguu wake wa kulia ulipoanza mambo yake, haukuwa mguu tu. Ulikuwa karo ya Bitutu binti yake, ulikuwa unga, ulikuwa kodi ya nyumba.

Ulianzia kwa kidole gumba. Alilala mzima, akaamka kidole kimevimba na kuiva kama kitunguu, hata shuka ikikigusa anauma meno. Alikuja hapa akichechemea, akakaa, akatuonyesha. Hapo ndipo alipokosea, kutuonyesha.

Foreksi alisema ni ugonjwa wa sukari. Hakusema labda. Alisema kuna jamaa fulani wa Awendo, wa mashamba ya miwa, alianza hivyo hivyo na kidole. Wakakata kidole, ikapanda, wakakata mguu, ikapanda, wakakata mpaka juu ya goti. Akaongeza kwamba mtu akikaa karibu na miwa sukari humwingia kwa pua. Chairman akamkumbusha kwamba yeye hajawahi kufanya kazi Awendo. Foreksi akajibu kwamba Awendo ni mbali lakini upepo hauna mpaka. Maji Moto naye alisema shida ni nyama, mtu amejaza damu ya ng'ombe mwilini, aache nyama yote leo hii. Mimi nilimwambia aloweke kwa maji ya chumvi, kitu ambacho hakijawahi kuua mtu.

Baada ya hapo hakuja tena. Tukasikia kwa mkewe, Bonareri, kwamba amelala, homa inapanda, na hospitali amekataa katakata. Anasema akienda watakata. Bonareri alimbembeleza, akamgombeza, akalia, wapi. Halafu Chairman akamwita Foreksi nyumbani na kumpa viatu vyake vya ngozi, vyote viwili. Alimwambia mtu wa mguu mmoja hana haja na jozi, na kiatu kimoja kikibaki ndani ya nyumba kitakuwa kinamwangalia tu. Mtu mwingine angekataa kwa heshima. Foreksi alisema kukataa kitu cha mtu anayeaga ni mkosi, akavivaa hapo hapo, akarudi navyo kijiweni.

Viatu hivyo nilivitia soli mimi. Kila asubuhi Foreksi alikuwa anavinyoosha mbele ya macho yangu, na mimi nafanya kama sivioni. Nilikasirika. Si kwa ajili ya viatu. Nilikasirika kwa sababu tulikuwa tumeanza kumzungumzia Chairman kwa wakati uliopita, ati alikuwa mtu mzuri, ati alikuwa anapenda kucheka.

Basi asubuhi hiyo walikuwa wanabishana kama mguu wa mbao unaweza kupanda ngazi za ofisi ya mpakani. Dereva mmoja wa lori, kijana wa Mwanza, alikuwa amekuja na sandali iliyoachia ukanda. Alisema shikamooni wazee. Foreksi, kwa kuzoea pesa za huko, akajibu marahaba. Maji Moto akajibu mzuri. Kijana akatafuta pa kukaa, akakosa, akachukua kahawa akasimama nayo, sandali moja mkononi. Nilitaka kuwaambia hawa wawili wasogee. Kabla sijafungua mdomo, Maji Moto akaganda, kikombe kiko kinywani.

Chairman alikuwa anakuja.

Alikuwa anakuja kwa miguu yake, amevaa slipa za bafuni, mkono mmoja kashika mfuko wa dawa, anatembea polepole kama mtu anayekagua barabara. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nilishusha sindano. Sitaki kuzunguka, nilifurahi mpaka macho yakaniwasha. Maji Moto alisema asifiwe Mungu, kwa sauti ndogo. Foreksi hakusema kitu, na hiyo peke yake ilikuwa ajabu. Aliingiza miguu chini ya benchi, mbali kabisa.

Chairman akafika, akasalimia kila mtu kwa mkono, akakaa nafasi yake. Jerusha akamletea kikombe. Sote tulikuwa tunaangalia kile kidole. Kilikuwa kidole tu, chembamba, ngozi inabambuka kidogo pembeni.

– Kwa hivyo hawakukata, akasema Foreksi.

– Unaona wamekata?

– Nauliza tu, mura, ndugu yangu.

Maji Moto hakungoja. Alisema tunaona wenyewe faida ya kumsikiliza mtu. Alimwambia aache nyama, akaacha nyama, na leo anatembea. Foreksi akamkata: nyama gani, hiyo ni ile dawa ya kupaka aliyomletea kutoka Sirare, ile ya kopo lenye picha ya simba, inachoma mpaka mfupa unaomba msamaha. Mimi nilirudi kwa sindano yangu. Lakini moyoni nilijua ni maji yangu ya chumvi.

– Kwanza mngojee, akasema Chairman. Mimi nimefundishwa.

Tukajua leo ni siku ndefu. Chairman akifundishwa kitu lazima dunia nzima ifundishwe. Akaanza mwanzo. Alifika hospitali Migori, akapelekwa kwa daktari mmoja mwanamke, Daktari Nyangi, mtu wa huku huku kwetu. Kitu cha kwanza alipimwa sukari. Hana sukari. Foreksi akauliza kama mashine ilikuwa na betri. Chairman akaendelea. Daktari akaingiza sindano pale kwa kiungo cha kidole, akavuta maji kidogo, akayaangalia kwa hadubini, akamwita na yeye aangalie.

– Niliona vipande. Vidogo, vimechongoka, kama sindano zako Levi zikivunjika. Hivyo ndivyo vilikuwa kwa kidole yangu. Ugonjwa unaitwa gauti, wengine wanasema jongo.

– Sindano ziliingilia wapi? akauliza Maji Moto.

– Zinatengenezwa na damu yenyewe. Takataka ya chakula ikizidi, inaganda. Lakini sikizeni, hiyo si ndiyo inauma. Mimi pia nilifikiri hivyo. Kinachouma ni nduru.

Hapo hata kijana wa Mwanza akasogea.

Chairman alieleza kwamba daktari alimuuliza, kwenu mtu akipiga nduru, inakuwaje. Akamjibu, tunatoka. Na nini? Na rungu, na panga, na tochi, na mwenye jembe analo jembe. Mnauliza kwanza mwizi ni nani? Akamwambia hapana, tunauliza baadaye. Foreksi akasema kwao Wakuria hata baadaye hawaulizi. Chairman akasema ndio hivyo hivyo mwilini. Kuna askari wa damu anapita, anakuta vile vipande, anafikiri ni adui, anavimeza. Vinamchoma ndani. Anapiga nduru. Mwili mzima unatoka na rungu. Wanafika kwa kidole, mwizi hayuko, kuna vipande tu visivyokufa hata ukivipiga, na wenyewe wanakanyaga shamba, wanavunja ua, wanapigana wao kwa wao. Uvimbe ni watu waliojaa. Joto ni hao. Homa ni hao.

– Na hiyo nduru ina jina, akasema. Inaitwa interlukini moja.

– Moja? Kwani kuna mbili?

– Ziko nyingi, karibu arobaini. Lakini hii moja ni ya ukoo. Ukoo wake peke yake uko na watu kumi na mmoja.

Hiyo namba iliharibu mambo. Foreksi alisema wazi kabisa kwamba kumi na mmoja ni timu, kwa hivyo lazima kuna golikipa, na golikipa wa Chairman alikuwa amelala. Maji Moto akasema si timu, ni boma, baba mmoja na wake kadhaa, na hapo ndipo fujo inatoka, nyumba kubwa na nyumba ndogo. Chairman akasema daktari hakutaja mama. Foreksi akasema daktari ni mwanamke, hawezi kutaja. Akapanda zaidi. Akasema kila nchi ina ukoo wake: interlukini ya Kenya ni ya kupiga kelele kwanza, lakini mwili wa Mtanzania ukiona mwizi, kwanza unamwamkia, unamuuliza habari za nyumbani, ndiyo maana huko Sirare huoni watu wamevimba vidole. Akasema mtu mwerevu angeweza kubadilishana hapa mpakani, nduru moja ya Kenya kwa mbili za Tanzania. Kijana wa Mwanza alitabasamu ndani ya kikombe chake.

– Wacha nimalize, jamani yawa, akasema Chairman. Wengi kwa huo ukoo kazi yao ni nduru. Mmoja anaita hawa, mwingine anaita wale. Lakini kuna wachache wa kutuliza. Ndugu wa damu kabisa, ukoo ule ule. Na kuna mmoja huyo, daktari alinieleza mara mbili nielewe. Huyo hana maneno.

– Anatuliza namna gani bila maneno? nikauliza. Nilikuwa nimeacha kushona kabisa.

Chairman akaweka kikombe chini na kupiga benchi kwa kiganja.

– Mlangoni kwa kila nyumba ya mwili kuna kiti. Huyu wa nduru lazima akae kwa hicho kiti ndio asikike ndani. Asipokaa, hawamsikii. Sasa huyu ndugu yake wanafanana. Anakuja mbele, anakaa kwa kiti, halafu hasemi kitu. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Amekaa tu. Wa nduru akija, anakuta kiti kina mtu. Anazunguka, anatafuta kingine, kina mtu. Anachoka.

– Hiyo tu? akauliza Foreksi.

– Hiyo tu.

– Huyo mtu ni mvivu.

– Huyo mtu aliokoa mguu yangu.

Kisha akasema lile jambo ambalo hawakulipenda. Daktari Nyangi alimwambia kwamba gauti ya namna hii, ile ya kuvamia ghafla, mara nyingi hupoa yenyewe baada ya wiki moja au mbili. Wale ndugu wa kutuliza hufika, wakawa wengi, viti vikajaa, nduru ikaisha. Inapoa ukipaka, inapoa usipopaka. Lakini vile vipande bado viko pale pale, na kesho askari mwingine atavimeza. Ndiyo maana amepewa dawa ya kunyamazisha na nyingine ya kuondoa vipande polepole, ya kumeza muda mrefu.

Nikaona Foreksi anapiga hesabu kichwani, simba wake wa kwenye kopo anatoweka. Maji ya chumvi nayo yakaenda. Alibaki Maji Moto peke yake, amenyooka mgongo.

– Lakini nyama, akasema. Hiyo takataka ya chakula inatoka kwa nyama. Si ndiyo?

Chairman akamwangalia kwa upole. Nilimjua, alikuwa ameliweka hili mpaka mwisho.

– Daktari aliniuliza ninakula nini. Nikamwambia nimeacha nyama kabisa, rafiki yangu mmoja alinishauri. Akafurahi. Akauliza, sasa ugali unakula na nini? Nikamwambia omena, dagaa wetu wa ziwa. Binamu yangu ananiletea gunia kutoka Muhuru Bay. Asubuhi omena, mchana omena, jioni omena. Hata mchuzi nilikuwa nakunywa. Daktari akaweka kalamu chini.

– Omena ina shida gani? Ina magamba, Biblia inaruhusu.

– Biblia inaruhusu. Kidole ndio haikuruhusu. Wale samaki wadogo wana hiyo takataka zaidi kuliko nyama nyingi. Nilikuwa natoa kijiko na kuingiza sufuria.

Maji Moto alisema yeye alimaanisha mboga. Alisema kila mtu anajua ukiambiwa acha nyama unaambiwa kula mboga. Chairman akasema hapana, hapa kwetu ukiacha nyama unakula omena, hata mtoto anajua hivyo, na mboga ni ya kusindikizia. Wote tukakubali, hata Maji Moto mwenyewe mwishowe, kwa sababu ilikuwa kweli. Alishika limau lake akalikamua mpaka likakauka. Nilimhurumia. Alikuwa ameshinda wiki hizi zote anamwombea Chairman, huku ushauri wake ndio unamchoma.

– Sikukasirika, akasema Chairman. Mimi mwenyewe ndiye nilikuwa nakula.

Foreksi, kwa kuona mwenzake amelemewa, akamgeukia Chairman. Akamuuliza kwa nini basi alikaa nyumbani muda wote huo kama ugonjwa wenyewe ulikuwa wa dawa tu. Mtu mzima, mke analia, gari za Migori ziko kila wakati. Aliuliza kama anayemkemea.

Chairman aligeuza kikombe mkononi.

– Niliogopa, mura. Wewe ulikuja nyumbani kwangu ukakaa kwa kile kiti cha kando ya kitanda. Niko na kiti kimoja tu cha mgeni, unakijua. Ukaniambia yule jamaa wa Awendo sasa wanaangalia paja. Ulipoondoka nilishika paja yangu mpaka asubuhi. Maji Moto akaja, akakaa hapo hapo, akaniambia nitengeneze mambo yangu na Mungu. Nikatengeneza. Halafu nikaona nikishamaliza na Mungu, imebaki kukatwa tu. Kila mtu aliyekaa kwa hicho kiti, akitoka, kidole inauma zaidi.

Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Mimi sikuwahi kwenda, nilikuwa na viatu vya watu vya kushona, na kwa mara ya kwanza nilishukuru viatu vya watu.

– Halafu jioni moja, akaendelea, nikaona Jerusha ameingia na chupa ya chai. Akamsalimia Bonareri, akakaa kwa kile kiti. Nikangoja aniambie ni nini. Hakuniambia. Akaanza kuchambua mboga za Bonareri. Kesho yake akaja tena. Na kesho yake.

Nikakumbuka. Siku hizo Jerusha alikuwa anazima jiko mapema na sisi tulinung'unika. Foreksi naye akakumbuka, niliona usoni mwake. Akasema kumbe ndiyo sababu. Alikuwa amekwenda na habari nyingine, ya mtu wa Rongo, akakuta kiti kina mtu, akasimama mlangoni, akasema pole, akaondoka. Maji Moto akasema na yeye pia. Alisimama na kofia mkononi akaona hakuna pa kukaa, na huwezi kumweleza mtu habari za umilele ukiwa umesimama.

– Nililala siku hizo, akasema Chairman. Nilianza kulala. Ndipo nikaweza kufikiria. Na siku moja aliongea. Mara moja tu. Alisema, Baba Bitutu, kesho mimi na Bonareri tunakupeleka Migori. Nikamwambia watakata. Akaniambia, mimi nitakaa mlangoni, nikiona wanaleta msumeno tunaondoka na wewe. Na alikaa mlangoni kweli. Daktari aliponieleza habari ya yule ndugu na kiti, nilimwambia, daktari, huyo namjua, yuko hapo nje.

Wote tukageuka kumwangalia Jerusha. Alikuwa anaosha vikombe ndani ya beseni, mgongo kwetu nusu.

– Miguu ilikuwa imenichoka tu, akasema. Na kile kiti kina mto mzuri.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, lakini alikiosha kile kikombe kimoja muda mrefu kuliko uchafu wake.

Nikasikia kitu kinakwaruza chini ya benchi. Foreksi alikuwa ameinama. Alifungua kamba bila kutazama juu, akavua cha kushoto, akavua cha kulia, akavipangusa kwa shati lake mwenyewe, shati jeupe la kazi. Kisha akavisukuma polepole, vikapita mbele ya Maji Moto, vikasimama mbele ya Chairman.

– Nilikuwa navipasha joto tu, akasema.

Chairman akavua slipa. Alianza na mguu wa kushoto, ule usio na neno, kama mtu anayechelewesha habari. Kisha akashika kiatu cha kulia. Mimi ni fundi, nimeona miguu ya kila namna ikiingia kila namna ya kiatu, lakini nilisimama. Aliingiza vidole, akangoja. Akasukuma kidogo, akangoja. Uso ulikunjamana, tukafikiri basi, halafu ukakunjuka. Kisigino kikashuka. Akafunga kamba, akasimama, akakanyaga chini, tena akakanyaga. Maji Moto alifunika macho kwa kiganja. Foreksi, miguu mitupu kwenye vumbi, alicheka kwa namna ambayo sijamsikia akicheka, bila kumcheka mtu.

– Zimelegea kidogo, akasema Chairman. Umezipanua.

– Mimi nina miguu ya wanaume, akasema Foreksi, akazichukua zile slipa za bafuni akavaa.

Tukacheka wote. Hofu yote iliyokaa kijiweni wiki hizo ikatoka na kicheko hicho, nikajisikia mwepesi, nikataka kuwaagizia kahawa kila mtu, hata Maji Moto asiyekunywa. Wakaanza tena kelele zao. Foreksi akasema sasa ameelewa, dawa ni moja: hao wa kutuliza wachukuliwe wengi, wajazwe kwenye viti vyote vya mwili, wakae siku zote, watu wasiumwe tena na kitu chochote. Maji Moto akasema hata serikali ingefaa kufanya hivyo. Chairman akasema atamwambia Daktari Nyangi, huenda hajafikiria.

Ndipo yule kijana wa Mwanza, ambaye alikuwa amesimama muda wote huo na sandali yake mkononi, akakohoa kidogo.

– Samahani wazee wangu, naomba kuuliza. Huyo ndugu mkimya nimemwelewa. Lakini ikitokea siku mwizi ni wa kweli, ameingia kabisa ndani ya nyumba, na nduru inahitajika, huyo aliyekaa kitini anajuaje kwamba leo anapaswa kuinuka?

Foreksi alimgeukia Maji Moto. Maji Moto aliangalia ndani ya kikombe chake. Mimi nilimwangalia Chairman, maana ndiye aliyefundishwa, na Chairman akakuna shingo.

– Hilo sikuuliza, akasema.

Jerusha akainua birika na kulitikisa. Halikutoa sauti. Akaligeuza juu ya jiko, tone moja likaanguka kwenye makaa. Akasema kahawa imeisha, akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akainuka kutoka kwa kigoda chake kwenda kuchota maji.

Chairman akamtazama akienda, kisha akakitazama kigoda kitupu. Halafu akanyoosha mkono kwa kijana wa Mwanza, akamwambia alete makaratasi ya lori lake. Kijana akauliza kama mzee hatachoka. Chairman akasema amechoka kulala. Akayachukua, akayapanga kwapani kama anavyofanya siku zote, akavuka barabara kuelekea dirisha la kwanza, soli zangu zikigonga lami, moja, nyingine, moja, nyingine, mpaka akapita nyuma ya malori nikawa simwoni tena.

Nafasi yake kwenye benchi ilikuwa tupu. Nikamwambia kijana akae hapo, nimshonee ukanda wake.